Mvumo wa spika unaofuata injini

Spika za gari langu zilikuwa zikitoa mvumo mwembamba uliopanda kila nilipokanyaga mafuta na kushuka injini ilipotulia, dalili ambayo mara nyingi huelekeza kwenye alteneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, na waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, kuliko kwenye spika zenyewe. Fundi mmoja alitaka kuniuzia spika mpya, lakini nilikataa, kwa kuwa spika iliyochanika hukwaruza kwa kufuata muziki, si kwa kufuata injini.

Nilipozima injini na kuacha redio ikitumia betri peke yake, mvumo ulitoweka. Niliwasha tena, nikachomoa nyaya za sauti zinazotoka kwenye redio na kuingia kwenye amplifaya, yaani kikuza sauti, na kukawa kimya. Maana yake amplifaya ilikuwa nzima, na kelele ilikuwa ikipenya kupitia nyaya hizo. Waya wa ethi wa amplifaya, kumbe, ulikuwa umefungwa kwa boliti juu ya rangi ya bodi, mahali ambapo umeme haupiti vizuri, hivyo mkondo ulijitafutia njia kwenye nyaya za sauti. Nilikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, nikaufupisha waya na kukaza boliti. Kichujio cha kelele, ambacho wauzaji hukipendekeza kabla hata hawajapima chochote, sikukihitaji.