Kidevu cha Fundi

Zipu ya koti langu iliharibika Januari 2014, wakati mbaya kuliko wote. Eskişehir iko bara huko Uturuki, na baridi yake si ya mzaha: unatoka hosteli asubuhi, hujavuka barabara pua imeshakufa ganzi. Nilikuwa mwanafunzi wa ufadhili, ule mwaka wa kwanza wa kusomeshwa Kituruki tu kabla ya kuingia chuo. Darasani tulikuwa tumefika kwenye ndugu na rangi. Zipu bado.

Nikaingia kwa fundi cherehani mmoja karibu na kituo cha tramu. Mzee, miwani puani, futi shingoni. Nikamwamkia, nikamvutia kichwa cha zipu juu na chini aone meno yasivyoshikana. Akatazama. Kisha akainua kidevu, nyusi zikapanda, ulimi ukalia "ts!" nyuma ya meno.

Mimi mtu wa Tanga. Kwetu hapo umeshasonywa, na ukisonywa na mtu mzima huulizi swali la pili. Huu wake ulikuwa mfupi, haukuvutwa kama wa kwetu, lakini msonyo ni msonyo. Nikakunja koti langu, nikageuka.

Nimefika mlangoni, akaniita kwa mkono: kiganja kinatazama chini, vidole vinakwangua hewa, vilevile anavyoita bibi yangu. Nikarudi. Akakishika kile kichwa cha zipu, kidevu juu tena, "ts". Akavuta droo, akatoa zipu nzima mpya, akainamisha kichwa mara moja. Kumbe kidevu kile ni "hapana" tu, isiyo na nongwa yoyote. Ile ya zamani haitengenezeki, ing'olewe yote.

Sasa, zipu aliyoitoa ilikuwa nyekundu, na koti jeusi. Nikatikisa kichwa kulia na kushoto. Akanieleza upya, polepole, kwa sauti kubwa zaidi. Nikatikisa kwa nguvu. Akaanza tena mwanzo, safari hii na futi mkononi. Kwao ukitikisa kichwa hivyo unasema hujaelewa, kwa hiyo kila nilivyokataa ndivyo nilivyozidi kufundishwa. Mwishowe nikainua kidevu mwenyewe nikapiga "ts". Mzee akacheka mpaka miwani ikamteleza, akarudisha nyekundu, akatoa nyeusi.

Hunikera mtu akisema usipojua lugha ya watu utatumia ishara, kana kwamba ishara ziliteremshwa kwa wanadamu wote siku moja. Nina binamu zangu waliokulia Muscat. Kwao, ukikusanya ncha za vidole vitano zikatazama juu, unamwambia mtu asubiri, nami nilishaizoea. Mzee alipomaliza kushona akaniinulia koti, akakusanya vidole vivyo hivyo, akawa anavipandisha na kuvishusha. Nikakaa nisubiri. Akarudia. Nikazidi kusubiri, kwa adabu zote. Kumbe anaisifu kazi yake: imetoka safi!

Chai ilikuwa inaingia muda wote huo. Kijana aliileta kwenye sinia linaloning'inia kwa vyuma vitatu, ndani yake vijiglasi vilivyobanwa kiuno, kila kimoja na vidonge vyake viwili vya sukari. Nikimaliza kimoja, kinakuja kingine, na mimi nilifunzwa nyumbani kwamba cha mwenyeji hakikataliwi. Tumbo lilikuwa limeshajaa mzee alipochukua kijiko changu akakilaza juu ya mdomo wa glasi. Kijana akapita bila kuniongezea.

Bei aliiandika kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa cheusi: 15. Nikainua kidevu, na nyusi pia. Akanitazama juu ya miwani kwa muda, akaifuta kwa kidole gumba, akaandika 12. Nikalipa.