Datsun ya baba haikuwa na shida ya pampu

Uvunguni mwa kitanda changu kuna pampu mbili za mafuta za Datsun 1200, nzima kabisa. Nilizinunua kwa ushauri wa mafundi, laki moja na ushee, na sitaki kupiga hesabu vizuri nisije nikalia.

Pikapu ni ya marehemu baba, naipakia dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kwenda Magu. Asubuhi inawaka mara moja, Nyakato inapita inaimba. Tukivuka Igoma jua limepanda, inaanza kukohoa, inaishiwa nguvu, inazima. Ukiiwekea pampu kitambaa kibichi na kuipumzisha robo saa, inawaka utadhani siyo yenyewe. "Pampu imechoka hiyo, bosi." Wote wimbo mmoja. Nikiuliza kuhusu paipu: "Ingekuwa paipu ungeona inavuja." Maneno hayo ndiyo yaliyonila hela.

Fundi wa tatu ndiye kiboko. Akasema tuachane na mambo ya kizee, tufunge pampu ya umeme. Akaleta moja ya gari la injeksheni, yale yanayopuliziwa mafuta kwa presha, akaifunga palepale chini ya boneti, mimi nimekunja mikono kama mwenye gari jipya. Nikampakia shangazi na magunia yake sita. Kufika Mabatini, harufu. "Mwanangu, mbona petroli?" Nikamjibu ni ya gari la mbele. Gari la mbele lilikuwa baiskeli. Nafungua boneti, kabureta, ile inayochanganya mafuta na hewa, inamwaga mafuta kama bomba la mtaani, yanachuruzika kuelekea bomba la moshi. "Shangazi, shuka!" Ana miaka sabini na magoti mabovu, lakini siku ile alivuka barabara na kandambili moja. Pampu ya asili, inayosukumwa na kemshafti ya injini, inatoa presha ya paundi 3 au 4 tu. Ya injeksheni inapita 40. Sindano ya kabureta, ile inayofunga mafuta yasizidi, itazuia wapi?

Baada ya hapo nikasema sasa najitibu mwenyewe. Nikajaza petroli kwenye chupa ya lita moja na nusu, nikaining'iniza mbali na joto, mpira ukaingia moja kwa moja kwenye pampu ya zamani ya baba. Igoma na kurudi, mara mbili, haikukohoa hata kidogo. Basi pampu nzima, ugonjwa uko nyuma yake.

Jirani yangu ni mwashi. Nikakata kipande cha mpira wake wa levo, ule unaoona maji ndani (hadi leo hajajua), nikakiunga kati ya filta na pampu. Injini ilipopata joto, mapovu yakaanza kupita kama soda! Nikakihamishia kwenye mwisho wa bomba la chuma linalotoka kwenye tangi: mafuta safi, hakuna povu. Kilichobaki katikati ni kimpira kifupi kisichozidi shubiri. Nilipolegeza klipu nikakuta ufa mwembamba kama unywele, mpira ukipata joto unafunguka. Na upande huo pampu inanyonya, haisukumi, kwa hiyo ufa hautoi mafuta nje, unaingiza hewa ndani. Utaona wapi tone?

Mpira mpya wa petroli ulikuwa kama elfu tano. Usikubali kuuziwa wa maji, petroli inaulainisha mpaka unakuwa ugali. Nimeupitisha mbali na bomba la moshi, klipu za skrubu nimezikaza kwa kiasi, maana aliyekaza ile ya kwanza nadhani alikuwa anafunga ng'ombe. Hata kile cha levo nilikitoa, ni cha kupimia tu. Kama yako inazima na ukifungua kifuniko cha tangi unasikia "fyuu", anza na kifuniko, kimeziba pumzi. Changu kilikuwa salama.

Sasa Magu naenda na kurudi mchana kweupe. Shangazi bado hajapanda. Magunia anayaleta, yeye anakwenda na Hiace.