Napika na mwanangu wa miaka miwili na nusu, hivi ndo tunavyogawana kazi

Habari zenu wazazi wenzangu. Mi ni baba, fundi cherehani, nashonea hapahapa nyumbani Tabata, na mama watoto ni nesi anayeingia kwa zamu, kwa hiyo akiwa zamu ya jioni au ya usiku jiko ni langu na bwana mdogo ni wangu. Dada wa kazi hatuna. Dogo ana miaka miwili na nusu, umri ule wa kushika kila kitu, na wateja wakija jioni wananikuta napika naye wananiuliza nawezaje bila kumwekea katuni kwenye simu. Nimeona niandike kabisa maana najua tuko wengi tunaopika na mtoto analilia miguuni.

Kitu kikubwa kilichonisaidia ni kukata mapishi vipande viwili, kazi za baridi na kazi za moto. Wengi wetu tunapika vyote kwa pamoja, umebandika maji ya ugali, huku unakata kitunguu, huku unachambua mboga, mtoto mdogo hana pa kuingia hapo hata kidogo zaidi ya kusukumwa toka hapa nenda kule. Saivi kwangu gesi haiwashwi mpaka kila kitu kimechambuliwa, kimeoshwa, kimekatwa na kimekaa kwenye bakuli lake. Yote hayo tunafanyia kwenye mkeka barazani, mimi na yeye. Moto ukiwaka kazi yake imeisha, na analijua hilo kwa sababu halibadiliki, si leo ndiyo kesho hapana. Inabidi nianze mapema, hilo siwafichi, nikimaliza kushona saa kumi na moja tunakaa mkekani muda huohuo, nikichelewa tu tutakula usiku.

Kazi tuliyoanza nayo ni mchicha. Mchicha ni mlaini, haukati mtu, na ukidondoka chini unaoshwa. Namfungulia fungu zima mbele yake, nachukua shina moja, nalishika mkono wa kushoto, navuta jani kwa mkono wa kulia, natia kwenye bakuli, polepole bila maneno mengi, halafu namwachia. Akivuta anatoa ulimi nje na macho yote yako kwenye lile jani, likigoma analivuta kwa mikono miwili mpaka linachanika katikati, nusu inaingia kwenye bakuli nusu inabaki kwenye shina, anaitazama ile nusu iliyobaki anarudi kuimaliza. Majani mengine yanafika yamepondekapondeka kabisa, nayapika hivyohivyo. Sichambui upya alichochambua yeye. Nitayapitisha kwenye maji mara ya pili na ya tatu kwa ajili ya mchanga, hilo ningefanya hata kama nimechambua mwenyewe, lakini kurudia kazi yake mbele ya macho yake hapana, watoto wanaona.

Na lazima iwe kazi ya kweli. Kuna mtu alimletea vile visufuria vya kuchezea, vizuri tu, akavikorogakoroga siku mbili tatu akaviacha akarudi kwenye bakuli langu. Alichokuwa anataka ni kile ninachofanya mimi. Sasa mezani mama yake akiwepo anaambiwa mboga hii nani kachambua, anajipiga kifuani mwenyewe, na mchicha anaula. Kisamvu bado anakitema, sitaki kudanganya watu kwamba mtoto akisaidia basi anakula kila kitu.

Baada ya mchicha nikaongeza kidogokidogo. Kusugua viazi kwenye beseni kwa brashi ndogo, anaipenda kuliko zote kwa sababu ya maji. Kumenya ndizi mbivu nikishamvunjia kichwa. Kumenya mayai ya kuchemsha yaliyopoa kabisa, yanatoka na mashimo ila tunakula. Kuponda kitunguu saumu kwenye kinu kile kidogo, hapo nakishika kinu mimi yeye anatwanga, na parachichi analiponda kwa uma. Chumvi namwekea kiasi kwenye kiganja chake anatia mwenyewe kwenye kachumbari, kiasi nimepima mimi, kutia ni kwake, na pilipili haigusi kabisa kwa sababu mkono wa mtoto uko machoni kila dakika.

Kuna vitu vinavyoonekana kazi rahisi kwa mtoto lakini mi simpi. Karanga kwanza. Mtoto chini ya miaka mitano karanga nzima inaweza kumpalia ikaziba njia ya hewa, kwa hiyo kumenya karanga nafanya akiwa amelala na nikimaliza naokota zilizodondoka moja moja. Maharage makavu na choroko pia sio vya kumwachia ungo akae navyo, punje inaingia puani au sikioni fasta, halafu maharage mabichi yana sumu mpaka yachemke vizuri, akitafuna kiganja kimoja tumbo litamtesa. Siku ya maharage mimi ndo nachambua, yeye anashika kopo la kutupia mawe na takataka, nampa anatupa. Anajisikia tuko pamoja na mkono wake haufiki kwenye punje.

Halafu ndoo. Hili nawaomba mlichukulie kwa uzito. Mtoto wa umri huu kichwa ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinama kwenye ndoo akatumbukia hawezi kujitoa, na hahitaji maji mengi, maji ya kufunika pua na mdomo yanatosha. Na hapigi kelele. Kwetu maji yanakaa kwenye ndoo na madumu kwa sababu bomba halitoki kila siku, kwa hiyo ndoo zote zina vifuniko, na beseni la kuoshea viazi tukimaliza linamwagwa hapohapo, yeye ndo anamwaga, ni sehemu ya kazi. Mafuta ya taa na jiki viko juu kabisa na kwenye chupa zake vyenyewe, kamwe sio kwenye chupa ya soda.

Kuhusu moto, mi natumia mtungi mdogo wa kilo sita wenye jiko juu yake, ule ambao wengi wetu tunauweka chini sakafuni. Sakafuni unakuwa sawasawa na uso wa mtoto. Hata kuupandisha kwenye meza sikupenda maana mtungi mdogo juu ya meza nyepesi unayumba, nikampa fundi ajenge kijiukuta kifupi cha tofali cha kuuwekea mtungi juu yake, na mlangoni nimechora mstari wa chaki. Moto ukiwaka bwana mdogo yuko nje ya mstari. Sufuria zetu hizi hazina mpini, unaipua kwa kitambaa mikono miwili, ukigongwa goti tu maji ya moto yameshamwagika, kwa hiyo siipui chochote mpaka nimemwona kwa macho yuko wapi. Na kama mtoto ameungua, hii nimefundishwa na mama watoto na ndo wanavyofanya manesi, ni maji ya kawaida ya bomba yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua dakika 20, halafu hospitali. Dawa ya meno, unga, asali, yai, hivyo vyote usiweke.

Akiwa nje ya mstari hakai bure maana akikaa bure atavuka. Hapo ndo zinaingia kazi za ndani. Anapanga vijiko mezani, anapeleka kanga chafu kwenye tenga, anafuta benchi la cherehani kwa kitambaa kibichi, na jioni anaanua nguo zake, nimemfungia kamba ya chini inayomfika kifuani kwa ajili ya soksi na chupi zake tu. Vibanio anavibana na kuvibandua mwenyewe, vidole vimepata nguvu mpaka vifungo vya shati ameanza kuvijaribu.

Na hapa kwenye vibanio kuna kitu nilikisoma kikanigusa sana. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello, watafiti wa taasisi ya Max Planck kule Leipzig, Ujerumani, walitoa utafiti wao kwenye jarida la Science. Walichukua watoto wa miezi 18, mtu mzima anaanika nguo, anaangusha kibanio, anakinyooshea mkono hakifikii, basi. Hamwombi mtoto, hamwahidi kitu. Na watoto wengi waliinuka wakaenda kuokota wakampa, tena wengine wanatembea kwa tabu. Miaka miwili baadaye wakaonyesha jambo jingine, kwamba watoto wa miezi 20 waliokuwa wanapewa zawadi kila wakisaidia, zawadi ikisimama hamu ya kusaidia inapungua kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Ndo maana kwangu hakuna pipi ya kuchambua mchicha. Namwambia asante baba, mboga imekuwa tayari, tunaendelea. Mtoto anakuja na hamu yake mwenyewe tangu hajajua kuongea vizuri, sisi kazi yetu ni kutoiua kwa kumwambia toka hapa utaniharibia.

Mama mkwe alikuja kutoka Korogwe kukaa na sisi, siku ya kwanza kaona mjukuu anasugua viazi akaniita pembeni. "Baba, huyu bado mdogo, mwache acheze, kazi zipo tu atazikuta." Nikamwambia, "Sawa mama, nimekuelewa, ila naomba ukae naye hapo mkekani mwenyewe umwone." Akakaa. Dogo akamletea kiazi kimoja na brashi, akamwekea bibi mkononi, akarudi kuchukua chake. Kesho yake nikamkuta bibi ameshika ungo anapeta mchele na mjukuu kakaa mbele yake anaokota makapi yanayodondoka, anampa kuku wa jirani. Mimi kupeta sijui mpaka leo, natikisa tu ungo na mchele unamwagika, kwa hiyo hiyo kazi ikawa ya hao wawili muda wote aliokaa.

Wapo pia wanaosema mtoto wa kiume jikoni vipi. Huwa nawajibu kwa heshima kwamba huyu anakula, anavaa, anachafua, kwa hiyo na kupika na kufua vinamhusu, na anamwona baba yake akifanya. Hilo kwangu halina mjadala mrefu.

Siku ambazo hataki zipo. Ameamka vibaya, ana mafua, au hataki tu, anautupa mchicha. Simlazimishi, nautoa mbele yake naendelea mwenyewe palepale mkekani, mara nyingi anarudi, asiporudi basi. Na siku nina nguo za harusi za watu na muda hakuna, nampa kazi moja tu fupi, kupeleka nyanya kutoka kwenye kapu mpaka kwenye bakuli moja baada ya nyingine, halafu napika haraka.

Kisu cha chuma bado. Ana kile cha plastiki anakatia ndizi mbivu na parachichi, nimeridhika nacho kwa sasa. Tunachojifunza wiki hii ni kukanda unga wa chapati, namkatia donge lake dogo anakanda pembeni ya langu, chapati yake inatoka nene kama mkate na anataka iliwe na mama yake tu, inawekwa kwenye hotipoti mpaka atoke zamu.