Sita na tisa: nilivyojifunza kusikia upya baada ya sindano za kifua kikuu sugu

Nilitibiwa kifua kikuu sugu enzi zile ambazo wengi wetu tulidungwa kanamycin miezi na miezi. Nilipona, namshukuru Mungu na wahudumu walionisimamia. Lakini dozi haijaisha, masikio yakaanza kuvuma, na baadaye nyenje wa usiku wakanyamaza. Watu wa nyumbani walikuwa wakiwasikia kama kawaida.

Nauza vitenge, na biashara ndiyo iliyonionyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Mteja akisema "elfu sita" au "elfu tisa", mimi nilisikia kitu kimoja: i, halafu a. Irabu zilifika, s na t hazikufika. Watu wakaanza kuniongelesha kwa kupaza sauti. Sauti ilizidi, neno likabaki vilevile.

Aliyenifungua ni mtaalamu wa usikivu aliyenipima kwa spika za masikioni, kisha akachukua karatasi akanichorea sikio. Sauti hupiga kiwambo, ikapita kwenye vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, hadi sikio la ndani. Huko ndiko iliko koklea, mrija uliojikunja kama gamba la konokono, mizunguko miwili na nusu hivi. Ukiunyoosha hupata takriban milimita 35. Ndani mna majimaji. Kikuku kinaposukuma, majimaji hutikisika na wimbi hupita juu ya utando ulio humo. Georg von Békésy, mzaliwa wa Budapest, aliliona wimbi hilo kwenye masikio ya maiti, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1961.

Kila sauti ina mahali pake kwenye utando huo. Nyembamba huishia pale mlangoni mwa koklea, nzito husafiri hadi ncha ya ndani kabisa. Juu ya utando zimepangwa seli zenye vinyweleo: za ndani, kama 3,500 kwa kila sikio, hupeleka habari kwenye ubongo, za nje, kama 12,000, hukuza sauti ndogo ili za ndani ziipate. Kanamycin huanza kuua zile za nje, tena kuanzia mlangoni, kwenye sauti nyembamba. S ya "sita" inakaa huko. Kuku akipoteza seli zake huota nyingine; binadamu hatukujaliwa hilo.

Sikulia siku ile. Nilifarijika, kwa sababu sasa nilijua kilichoharibika na kilichobaki. Grafu ya kipimo changu ilikwenda vizuri hadi hezi 2,000 (hezi zikizidi, sauti ni nyembamba zaidi), kisha ikaporomoka. Irabu zinabebwa na upande uliobaki mzima, kwa hiyo anayepaza sauti anaongeza kile ambacho tayari ninacho.

Basi nikabadilisha mambo. Watu wangu niliwaomba wanitazame usoni na waseme taratibu kwa sauti ya kawaida. Midomo husaidia sana kwenye f na m, lakini s na t hutamkwa ndani, midomo haionyeshi tofauti. Kwa hiyo bei haisemwi tena mezani kwangu: mteja anaiandika kwenye kikokotoo chenye tarakimu kubwa. Nimehamia kona yenye ukuta nyuma, makelele ya soko yanijie kutoka upande mmoja tu. Mambo ya pesa kwa simu nimeyakataa, natumiwa ujumbe. Simu ya kawaida hukata sauti zinazozidi takriban hezi 3,400, hata mwenye masikio mazima s humfikia nusunusu.

Shimesikio, vile vifaa vya kuvaa sikioni vya kukuza sauti, nilizipata baadaye, na mwanzo zilinichosha. Mchakacho wa mifuko ya nailoni ulinipasua kichwa. Seli za nje zikifa, sauti ndogo hupotea ila kubwa hubaki kubwa, nafasi katikati inakuwa finyu. Ilibidi nirudi kurekebishiwa mara kwa mara, na nizivae kila siku hata nyumbani, mpaka ubongo ukazizoea. Usikubali kuziweka kabatini baada ya wiki ya kwanza.

Wanaougua leo wana nafuu: tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limeshauri kanamycin isitumike tena kwa kifua kikuu sugu, na vidonge kama bedaquiline vimechukua nafasi ya sindano. Lakini gentamicin na amikacin ni za ukoo uleule na bado zinadungwa kwa magonjwa mengine. Ukiandikiwa kwa muda mrefu, omba usikivu upimwe kabla ya kuanza na katikati ya dozi. Masikio yakivuma au ukipata kizunguzungu, mwambie daktari siku hiyohiyo. Usiache dawa kimyakimya, yeye ndiye atakayepunguza au kubadilisha.

Na kwa wenzangu wa pwani mnaovaa shimesikio: jasho na unyevu huziua. Zifuteni kila jioni, fungueni mlango wa betri, mzilaze kwenye kopo lenye vipakiti vya kukausha unyevu. Betri mpya, ukibandua kile kistika, iache ipate hewa kama dakika moja kabla ya kuiweka.