Kikapu cha Ghorofa ya Nne

Picha nyingi za maghorofa ya Michenzani, mjini Unguja, hupigwa kutoka mbali, mpigaji akiwa amesimama karibu na mzunguko wa barabara ili majumba yale marefu yaingie yote katika fremu. Nami nimezipiga nyingi za namna hiyo, sikatai, lakini sasa zinanichosha, kwa sababu ndani yake hakuna mtu.

Majumba haya yalitokana na mipango ya Serikali ya Mzee Karume baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na ujenzi uliendelea hata baada ya yeye kuuawa Aprili 1972. Nyumba za udongo za Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, zilibomolewa kuyapisha, na pamoja nazo zikaondoka baraza za mbele ya nyumba, ambapo watu walikuwa wakibarizi jioni. Fleti haina baraza. Kwa hiyo baraza imehamia kwenye ngazi: pale zinapokata kona ndipo wanawake hukaa kusukana nywele, watoto waliotoka chuoni hudurusu juzuu zao, na kila anayepandisha dumu la maji hupewa njia na neno la pole. Mpigapicha anayetaka kuona familia za Michenzani akae ngazini, tena akae sana kabla ya kutoa kamera mkobani.

Ndani ya fleti mambo ni mengine. Tangu mpigapicha Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na pengine kabla yake, picha ya familia kwetu ni jambo la kuvaa na kujipanga. Nikibisha hodi na kamera, watu huenda kubadilisha nguo. Zamani nilikuwa nikiwasihi wabaki walivyo, na lilikuwa kosa, kwani mwanamke aliye kichwa wazi nyumbani kwake hajanipa ruhusa ya kumwonyesha mtaa mzima. Siku hizi naipiga kwanza ile picha ya kochini, wote wamekaa safu, naichapisha na kuwapelekea. Nyingine hufuata baadaye, zikifuata.

Shangazi yangu anaishi ghorofa ya nne. Magoti yamemchoka, kwa hiyo muuza mikate akipita huteremsha kikapu cha ukili kwa kamba kutoka roshani, noti ikiwa imefungwa pembeni mwa kitambaa. Nilipoinua kamera alisema, "Ngoja kwanza nijitande, mwanangu." Alipomaliza kujitanda kanga, kikapu kilikuwa kimeshafika chini, nami nikapata mkono wake tu, kamba iliyozungushwa mara mbili kiganjani, na chini kabisa utosi wa muuza mikate.

Nilimpelekea picha hiyo pamoja na ile ya kochini. Ya kochini iko ukutani. Hii aliitazama kwa muda, akasema, "Kamba hiyo nishaitupa, ilikuwa inanikata," akaniwekea chai.