Darasa la maelezo, depo Moshi

Wadogo zangu wanaomaliza chuo wananiuliza sana kuhusu depo, yaani mafunzo ya awali ya askari polisi. Wengi wanataka kujua mbio, chakula, na kama ni kweli wasichana wananyolewa. Hayo nitayajibu kwa kifupi, kwa sababu kuna jambo jingine ninalotaka kulisema kwa kirefu, nalo ni darasa la kuandika maelezo ya mashahidi. Mle ndimo nilimoona shahada yangu ya sosholojia ina kazi gani kwa askari, na ni wapi inabidi uiweke pembeni.

Mbio zipo, na zinaanza giza halijatoka. Shule ya Polisi Tanzania iko Moshi, wenyeji wanaiita CCP, na baridi ya Julai pale kwa mtu wa Nzega kama mimi inaingia hadi kwenye mifupa. Kwata ni ya kila siku: mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka, mpaka buti likubali mguu. Malengelenge yanapona. Nywele zinakatwa, ndiyo. Simu sahau. Baadaye mnapelekwa porini upande wa Siha, Kilimanjaro Magharibi, na huko utajifunza kulala na buti.

Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) walituacha mbali sisi tuliozoea kukaa maktaba. Jirani yangu wa kitanda, binti wa Tarime aliyeishia kidato cha nne, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kutandika kitanda kikapita ukaguzi na jinsi ya kufunga buti lisichubue. Aliniita dada, japo kwa uwanjani yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wangu. Jioni nilimsomea Kanuni ya Adhabu, tukatofautisha wizi na unyang'anyi mpaka akawa ananisahihisha mimi. Sote tulimaliza tukiwa makonstebo, yeye na cheti chake, mimi na shahada yangu, na naona ni sawa kabisa. Raia anayekuja kaunta usiku hamwulizi askari amesoma wapi.

Sasa darasa. Zoezi lilikuwa la wizi wa pochi kituo cha basi, usiku. Makuruta wawili waliigiza, mmoja akawa shahidi, waliobaki tukaandika maelezo yake. Sisi wa vyuo tulitoa kurasa safi, sentensi zimepangika. Mkufunzi akachukua karatasi moja, akasoma kwa sauti: "Shahidi alimtambua mtuhumiwa kwa kuwa palikuwa na mwanga wa kutosha." Akanyamaza kidogo.

"Mwanga wa nini?"

"Wa taa, afande."

"Taa gani, kuruta? Ya barabarani, ya duka, ya gari? Ilikuwa umbali gani na huyo mtu? Ilimulika usoni au mgongoni? Shahidi alimtazama kwa muda gani? Aliwahi kumwona kabla ya siku hiyo? Jina lake au sura yake alimtajia nani wa kwanza, na saa ngapi?"

Kila swali kati ya hayo lina hukumu nyuma yake. Katika rufaa ya mtu aitwaye Waziri Amani, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa, na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Ndiyo maana umbali, mwanga na muda vinaulizwa. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita mahakama hiyo hiyo ikaeleza kuwa shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema, nafasi ya kwanza anayoipata, anaaminika zaidi. Ndiyo maana ya lile swali la mwisho. Askari asipouliza usiku ule, hakuna wakili wa Serikali atakayeweza kulijaza pengo hilo mahakamani mwaka mmoja baadaye.

Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilifundishwa kuhoji watu kwa ajili ya utafiti. Unaficha jina la mhojiwa, unakusanya majibu ya wengi, unatafuta yanayofanana, kisha unaandika kwa lugha yako. Maelezo ya polisi yanadai kinyume karibu kila hatua. Jina linaandikwa. Mtu mmoja anabaki mtu mmoja. Maelezo ya mashahidi wawili yakifanana neno kwa neno, wakili wa utetezi atauliza ni nani aliyewatungia, na atakuwa na haki ya kuuliza. Shahidi akisema "alinikwapua pochi akakimbilia gengeni", unaandika hivyo hivyo. Kuamua kwamba hilo ni kosa gani kisheria si kazi yake, na wakati ule si kazi yako.

Lakini chuo kilinipa kitu kimoja ambacho nakitumia kila zamu: kuuliza bila kumlisha mtu jibu. "Ikawaje?" ni swali. "Alikuwa na kisu, siyo?" tayari ni jibu. Na kunyamaza. Mtu aliyeogopa akinyamaza, mwache anyamaze. Mara nyingi anakumbuka jambo.

Kwa mtuhumiwa ni hivyo hivyo, tena kwa uangalifu zaidi. Kabla ya kuchukua maelezo yake, yanayoitwa maelezo ya onyo, unamweleza kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa muda wa msingi wa saa 4 wa kumhoji aliye chini ya ulinzi, na kuuongeza kuna utaratibu wake. Mahakama ya Rufani imeshayatupa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo. Na Katiba, Ibara ya 13(6), inakataza mtu kuteswa, na inakataza aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Nasema haya kwa uzito kwa sababu wapo watu, hata wa nyumbani kwetu, wanaodhani polisi hodari ni yule mwenye mkono mzito. Maungamo yaliyopatikana kwa kipigo yanakataliwa, kesi inakufa, na mama aliyeibiwa anarudi nyumbani mikono mitupu. Na hata yasingekataliwa, kumpiga mtu aliyefungwa pingu ni ubaya.

Ningekuwa mimi ndiye napanga ratiba, saa za kuandika maelezo ningeziongeza maradufu. Paredi ya kufunga mafunzo naipenda, nililia nilipopita mbele ya jukwaa na kumwona mama yangu amesimama. Ila kituoni kazi ni kalamu. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja aliyevunjiwa duka. Alianza kusimulia tangu alivyopika chakula cha jioni. Nilimwacha. Kwenye habari za chakula ndimo lilimotokea jina la kijana aliyepita kuulizia anafunga saa ngapi.

Kwa hiyo wewe unayesubiri matangazo ya ajira: anza kukimbia leo, na rekebisha mwandiko wako, maana maelezo mengi bado unayaandika kwa mkono na hakimu lazima aweze kuyasoma. Hukumu za Mahakama ya Rufani zinasomeka bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Anza na ya Waziri Amani, ni fupi.