Mpakate Mtoto

"Mama, mpakate mtoto huyo, watu wapate kukaa!"

Mtoto mwenyewe ni mimi. Nilikuwa kidato cha tatu, nakaribia kutimiza miaka 17. Tulikuwa twatoka sokoni Kongowea, Mombasa, na kikapu cha tungule na mbatata, matatu imefurika, na makanga aliyetoa amri ile nadhani tulikuwa hirimu moja. Mamangu aliangua kicheko. Abiria wa kiti cha nyuma wakacheka pia. Tulipovuka daraja la Nyali kicheko kilikuwa kimemwisha, na tulipofika nyumbani Kuze alimwambia babangu kabla hata hajavua buibui: "Huyu twampeleka kwa daktari."

Urefu wangu wakati huo ulikuwa sentimita 152. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 13, alikuwa ashanipita, na mtoto wa ami yangu, tuliyezaliwa mwaka mmoja, alikuwa akinyoa ndevu. Skuli waliniita Kibushuti. Dawa za mtaani nilizimaliza zote: maziwa ya ng'ombe asubuhi, mpira wa kikapu jioni, na kuning'inia kwenye chuma cha ngazi mpaka viganja vikaota malengelenge. Kuna rafiki aliyetaka kuniuzia vidonge vya kurefusha. Kilichonizuia ni bei tu.

Daktari alikuwa wa watoto, na hilo peke yake lilikuwa adhabu. Nilikaa kwenye benchi katikati ya kina mama na vichanga vyao, nimevaa suruali ndefu, magoti nimeyabana. Zamu yangu ilipofika alinisimamisha ukutani mwenyewe, visigino, matako na mgongo vikigusa ukuta, macho mbele, akashusha kibao mpaka utosini. Halafu akawaomba wazazi wangu watoke kidogo, akaniuliza maswali ambayo mbele ya mamangu nisingeyajibu hata kwa viboko. Sauti imeanza kukwaruza? Ndiyo, juzijuzi tu. Nywele? Kidogo. Kila nilipojibu kwa aibu yeye aliandika kwa furaha, kama anayepokea habari njema.

Wazazi waliporudi aliuliza vimo vyao. Baba 170, mama 157. Akaandika kwenye karatasi: jumlisha vyote viwili, ongeza 13 kwa kuwa mimi ni mvulana (msichana hupunguziwa 13), kisha gawanya kwa mbili. Jibu likawa 170. "Hii ni ishara tu ya alikoelekea," alisema, "aweza kuishia juu yake au chini yake kwa sentimita kadhaa. Lakini 152 si pake." Akatuagiza tukapime damu, tupige na eksirei ya mkono wa kushoto.

Mkono! Mamangu alidhani amesikia vibaya. Mtoto hana kimo, mkono una nini?

Tuliporudi na majibu, damu ilikuwa salama, tezi ya koo haina tatizo. Daktari akaipachika ile picha kwenye taa. Nakumbuka mifupa ya vidole vyangu ilivyong'aa, na karibu na ncha ya kila mfupa mstari mweusi, kana kwamba ncha imekatwa ikaachwa ielee. Ule weusi, alieleza, ni gegedu, kitu laini kama cha sikioni, na gegedu haionekani kwenye eksirei. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Siku mstari ukijaa na kuwa mfupa mtupu, basi, kimo kimefungwa, na hakuna maziwa wala ngazi itakayoufungua tena. Kufungwa huko huletwa na homoni za balehe zenyewe, hasa estrojeni, ambayo hata wavulana tunayo. Ndiyo maana alikunja uso nilipomtajia vile vidonge: baadhi ya dawa za homoni zinazouzwa kiholela humrusha kijana juu haraka, kisha zikamfungia mlango kabla ya wakati.

Kisha akafungua kitabu kikubwa kilichojaa picha za mikono. Ni kitabu cha Greulich na Pyle, na mikono ile ni ya watoto wa Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani, waliopigwa eksirei tangu miaka ya 1930. Mpaka leo nikikumbuka hunichekesha kwamba mkono wa kijana wa Kuze ulitafutiwa mwenzake miongoni mwa watoto wa Ohio ambao huenda walikuwa babu wa watu tayari. Lakini alimpata. Mkono unaofanana na wangu ulikuwa wa mvulana wa miaka 14.

"Cheti chasema 16, mifupa yasema 14. Na wavulana wengi mbio zao kubwa za kurefuka huwa karibu na 14. Huyu hakukwama, amechelewa kuanza. Mpira wa kikapu acheze kwa kuupenda, haurefushi mtu. Ni warefu ndio wanaochaguliwa." Halafu akamgeukia babangu. "Mambo haya hupita katika damu. Wewe bwana, ulirefuka lini?"

Baba alitazama panka. "Sikumbuki, daktari."

Jioni mama alikuwa akimsimulia nyanyangu, mamake baba, aliyekuwa kitini akichambua mchicha. Alipofika kwenye "sikumbuki" nyanya aliacha mchicha.

"Hakumbuki? Huyu? Alimaliza skuli akiwa kama huyu mjukuu wangu, hana tofauti. Ami yake alimpeleka bandarini kutafutiwa kazi, wakamwambia mrudishe mtoto kwao. Mwaka uliofuata suruali nimezikunjua pindo zote, hazitoshi, nikazitoa sadaka. Leo hakumbuki!"

Baba alikuwa pale pale. Alinyanyuka akaenda kuswali isha, na adhana ilikuwa bado.

Nilimngoja barazani. Miaka ile yote alikuwa ameniona nikining'inia ngazini kila alfajiri, amepita na kanzu yake kwenda msikitini, na hakusema neno. Nilimuuliza kwa nini. Alinyamaza muda, akaanza kurekebisha kofia iliyokuwa imekaa sawa.

"Ningekwambia utarefuka," akasema. "Na kama usingerefuka?"

Sikuwa na jibu, na hasira haikuniisha usiku ule. Bado naona alikosea. Daktari alihitaji eksirei, damu na kitabu cha Wamarekani kuniambia jambo ambalo baba alikuwa nalo mdomoni. Lakini kijana aliyerudishwa bandarini kama mtoto mbele ya ami yake, sidhani alitaka kulisimulia kwa mwanawe, wala kwa mtu yeyote.

Viatu ndivyo vilivyotangulia. Kabla mwaka haujaisha miguu ilikuwa imeruka saizi mbili, na mama akaanza kumwambia fundi wa Biashara Street aache upindo mnene kwenye kila kanzu yangu. Nyanya alimkemea kila mgeni aliyeshangaa bila kusema mashallah. Nilisimama kwenye 169 nilipokuwa na miaka 20. Babangu hudai ananizidi sentimita moja, na kila nikileta futi apimwe, huwa ana safari ya kwenda Marikiti.